Kimea Kilichopita Kwenye Umeme

Waliomfahamu Florida Bamurange walimtania kwamba akija kwako usimpe chai ya moto. Mpe iliyopoa, la sivyo ataondoka akuachie kikombe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kidogo, na kukaa alikuwa hajui. Kanisani alichagua benchi la mwisho, karibu na mlango. Nyumbani kwake North Buffalo, Marekani, alikula akiwa amesimama, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ukimwambia atulie, jibu lake lilikuwa tayari.

"Kambini nilingoja foleni ya maji, foleni ya mahindi na foleni ya majina. Fungu langu la kungoja nimelimaliza. Mnaotaka kungoja, ngojeni nyinyi."

Hakuongopa. Alikulia makambini, mwisho Mtabila kule Kasulu, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Aliolewa kambini, akazaa kambini, akazika mume kambini. Mwaka 2007 aliletwa Louisville pamoja na kaka yake Adriano, mke wa kaka yake aitwaye Mukabutera, na binti yake wa pekee, Agata. Wakapewa nyumba mtaa wa Shively. Florida akafua mashuka ya hoteli miaka miwili, kisha akasikia kuna kazi nzuri zaidi Columbus, kwenye ghala la nguo. Akamwachia Mukabutera mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Nikipata nyumba tu, nakuja kukuchukua," alimwambia Agata.

Nyumba akaipata. Akasema shule isikatishwe katikati, mwaka uishe kwanza. Mwaka ukaisha, zamu yake ghalani ikawa ya usiku. Mtoto atabaki na nani? Halafu akachoka Columbus, akahamia Buffalo, akisema huko ndiko kwa mwisho. Haya, sikieni sasa: mwanamke asiyeweza kungoja sufuria lichemke alimngojesha mtoto miaka saba. Mtoto naye akaacha kungoja, maana hata moyo wa mtoto una kipimo chake. Kwenye simu akawa anamwita mama yake kwa jina, Florida, kama anavyomwita mtu wa kazini.

Kazi ya Florida huko Buffalo ilikuwa ya ajabu kidogo. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, imepanga jengo Amherst si mbali na chuo kikuu, na shughuli yake ilikuwa kujaribu kuua kuvu kwenye vitu vilivyokwisha kufungwa. Mkate, njugu, nafaka, hata bandeji. Kitu kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko unazibwa, unalazwa katikati ya sahani mbili za chuma, kisha unapitishwa umeme mkali. Hewa iliyofungiwa mle ndani inawaka rangi ya zambarau. Haichomi, ukiushika mfuko baadaye ni wa baridi vilevile, na ndiyo maana wahandisi waliuita moto huo plazima baridi. Hewa ikishageuzwa hivyo inakuwa kali, inapenya kila pembe, inaua ukungu na mbegu zake bila mfuko kufunguliwa wala dawa kutiwa. Harufu yake ilikuwa ile ya radi iliyopiga karibu. Florida alifunga mifuko, akaipanga, akabonyeza, akaitoa. Aliipenda mashine ile kwa sababu ilikuwa na haraka kumshinda yeye.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 Adriano akampigia.

"Agata ameposwa. Kijana anaitwa Gaël, Mkongomani, kwao Bukavu. Wakatoliki wenzetu."

"Harusi lini?"

"Subiri nimalize, dada. Aprili wanakuja kutoa mahari. Wifi yako ameshapanga chakula. Imebaki pombe ya mtama."

"Nitaipika mimi."

"Pombe ya mtama inataka siku zake, Florida."

"Nimesema nitaipika mimi."

Ukoo wao una desturi yake. Siku ya mahari pombe ya mtama hupikwa na mama wa binti, kwa kimea kilichotoka kwao mama. Chombo huwekwa katikati ya wageni na mirija. Lakini kabla mgeni hajagusa mrija, aliyepika hupiga magoti mbele ya wote akanywa kwanza, ili ijulikane kwamba hakutia kitu kibaya. Hapo ndipo wakwe humjua mama. Florida alichotaka ni hicho tu: siku moja, mbele ya watu, aonekane kuwa ndiye mama wa Agata. Miaka saba ilikuwa imemnyang'anya jina hilo. Alidhani pombe ingemrudishia.

Akampigia shangazi yake Ruta, kule Makamba, Burundi, amtengenezee kimea. Shangazi akaloweka mtama, akauotesha, akaanza kuuanika. Siku ya pili tu ya kuanika Florida akapiga tena. Kulikuwa na mtu wa Buffalo, Anicet, aliyekwenda kuzika nyumbani na alikuwa njiani kurudi.

"Mpe hivyo hivyo, shangazi."

"Hakijakauka, mwanangu."

"Kitakauka njiani."

Kitu kilichofungwa kwenye plastiki hakikauki njiani. Anicet alipokileta, Florida alifungua mfuko akakutana na harufu ya stoo iliyovuja, na huku na kule punje zenye vidoa vya kijani. Alikaa chini. Huo wenyewe ulikuwa msiba, Florida kukaa chini. Kisha akainuka, akachagua zilizooza akazitupa, akabaki na mfuko mzima wa punje zilizoonekana safi ila asingeweza kuziamini.

"Kianike juani siku mbili, kisha ukipepete," shangazi Ruta alimwambia kwenye simu.

"Jua gani, shangazi? Huku theluji imefika magotini."

"Basi kiweke karibu na joto, ungoje."

Ungoje! Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Florida alikitia kimea chake kwenye mifuko ya kazini, akakitandaza chembamba kama alivyofundishwa, akaziba, akabonyeza. Hakuomba ruhusa, maana anayeomba ruhusa hungoja jibu. Mifuko ikawaka zambarau. Akaigeuza, akaipitisha tena, na tena, kwa usalama. Alipokuwa akiitoa ndipo alipokutwa na Hyacinthe, mwanafunzi wa Kikongomani aliyekuwa akija kusoma matokeo ya majaribio.

"Mama Florida, hii ni nini?"

"Nafaka ya kwetu. Ya kupikia pombe ya binti yangu."

"Pombe? Ngoja kwanza, mama, minataka kukwambia kitu..."

"Utaniambia kesho," Florida alisema, na mlango ukajifunga nyuma yake. Kesho yake alikuwa amesahau kuuliza.

Aliomba likizo ya wiki moja, akapanda basi na kimea mapajani. Basi lilisimama Columbus asubuhi. Abiria wengine walinunua kahawa; yeye alizunguka kituo chote, akatazama mitaa aliyoitembea miaka ile, na ghafla hofu ikamshika. Angeweza kubaki palepale. Angepiga simu aseme basi limeharibika, ameugua, chochote. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuelekea barabarani dereva alipopiga honi. Akarudi akakaa, na kutoka hapo mpaka Louisville hakufumba macho.

Shively walimpokea vizuri. Adriano alimkumbatia, Mukabutera akamwandalia maji ya kuoga na ugali. Agata alirudi kutoka kazini amevaa sare ya nyumba ya wazee anakohudumia, amekuwa mrefu kumpita mama yake. Alimsalimia kwa mkono.

Florida akaanza kazi siku ileile, Jumatano. Alisaga kimea, akapika uji mzito kwenye sufuria la kanisa, akaumimina kwenye pipa jipya la plastiki alilolisugua mpaka likang'aa, akaacha upoe. Kisha akatia juu yake unga mbichi wa kimea kilekile, kwa maana huo ndio unaoiamsha pombe, akafunika kwa kitenge. Kwao pombe ikishatiwa unga mbichi, kesho yake husikika ikinong'ona. Alijisikia ameshashinda.

Alhamisi Gaël mwenyewe alileta viti. Alikuwa kijana mnene, mwenye tabasamu, na adabu mpaka ya kupitiliza.

"Bonjour, tantine! Donc weye njo shangazi ya Buffalo? Agata alitwambiaka juu yako. Dada ya papa yake, papa Adriano, mwenye kupikaka pombe muzuri!"

Florida aliitikia. Alitabasamu hata. Kisha akaenda jikoni, ambako Agata alikuwa akichambua mboga, akafunga mlango.

"Umewaambia mimi ni shangazi yako?"

Agata alijibu kwa Kiingereza, kama alivyomjibu siku zote, bila kuinua uso. Alisema ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Wangeuliza mama yako yuko wapi, kwa nini hukai naye, amekufa au mgonjwa. Angewaambia nini?

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hiyo kila mtu nyumbani mle aliijua, na aliyekuwa na haki ya kuisema, Mukabutera, hakuisema hata siku moja. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Ikawa sasa hana kitu kingine ila pombe. Ijumaa asubuhi alifunua kitenge. Kimya. Hakuna povu, hakuna hata tone lililojitikisa. Aliweka sikio kwenye pipa kama mkunga, akaonja: tamu, tamu ya uji wa mtoto. Akalivuta pipa karibu na joto, akalifunika blanketi, akalifunua, akalifunika. Mchana uleule akakumbuka kitu na akampigia Hyacinthe.

"Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Mama, ile mashine inaua nini?"

"Kuvu. Ndiyo sababu niliitumia."

"Na chachu ni nini? Chachu nayo ni kuvu, mama. Ile yenye kuchachusha pombe yenu inakaaka juu ya kimea chenyewe, haitoki kwengine. Bon, uliua mbaya na muzuri pamoja. Nilikwambia ungoje."

Florida alikata simu bila kuaga. Alijichukia, hasira zikampanda mpaka akaona kiu. Alikuwa amekisafisha kimea mpaka kikawa maiti, na pipa nalo amelisugua lisibaki na kumbukumbu yoyote. Kule kwao chungu cha pombe hakisuguliwi namna ile. Mashapo ya jana hulea pombe ya leo.

Alikimbia kwa mzee Zenoni, Mrundi mwenzao aliyekuwa akitengeneza pombe ya ndizi gereji kwake. Mzee akamkorogea mashapo kwenye jagi.

"Itaiva kesho?" Florida aliuliza.

"Pombe haina dharura, binti yangu. Itaiva ikiiva."

Haikuiva kesho yake. Jumamosi wageni walijaa sebuleni, suti na vitenge, Mukabutera amekaa kwenye kiti cha mama wa binti kando ya Adriano, Agata kati ya wasichana wenzake. Upande wa pili msemaji alikuwa Zihindula, baba mkubwa wa Gaël, mzee wa sauti nzito. Pipa likaletwa. Adriano akasema aliyepika aonje.

Florida alipiga magoti akavuta mrija. Tamu. Kwa mbali tu kulikuwa na kitu kilichoanza kuamka, si zaidi ya hapo. Angeweza kusifu, na wageni wangekunywa kwa adabu wakaenda kuchekea kwao. Aliangalia juu, akaona macho yote.

"Haijaiva," alisema. "Kosa ni langu. Niliiharakisha."

Watu wakanong'onezana. Zihindula akaonja naye, akatafuna mdomo mtupu. Adriano, aibu imemjaa usoni, akasema ziko bia za chupa, zikaletwe.

"Non, papa Adriano," Zihindula alisema. "Bia ya duka tuko nayo kwetu. Tulikuya kunywa pombe ya huyu binti. Mama, itaiva siku gani?"

"Jumanne," Florida alijibu, bila kujua kama ni kweli.

"Bon. Tutarudia siku ya mardi. Maneno ya mahari yatangojea."

Wakala, wakaimba, wakaondoka bila neno lililowaleta kusemwa. Agata alianza kukusanya sahani. Alipompita mama yake alisema, kwa Kiingereza, polepole, kwamba Jumanne Florida hatakuwepo. Basi lake ni kesho. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililomkata Florida maini.

Na kweli Jumapili mchana begi lilikuwa mlangoni. Jumatatu asubuhi zamu yake ilikuwa inamsubiri, na msimamizi alishamwonya juu ya kukosa. Mukabutera alimkuta ameshika kitasa.

"Unaondoka, wifi?"

"Nisipofika kesho sina kazi."

"Najua. Nenda tu. Nitaiangalia mimi." Mukabutera akafuta mikono kwenye kanga yake. "Nimezoea."

Akarudi jikoni. Florida alibaki pale na kitasa mkononi, basi likiondoka huko mjini na nafasi yake ndani, mpaka mkono ukamfa ganzi. Kisha akalirudisha begi chumbani.

Jumatatu ilikuwa adhabu. Aliosha madirisha yote, akafagia uwanja uliokuwa hauna taka, akapanga viatu vya nyumba nzima, na kila baada ya muda akarudi kwenye pipa kusikiliza. Miguu ilimwasha. Mara mbili alitoka mpaka kituo cha basi la mjini, akarudi. Ilipofika alasiri aliketi sakafuni kando ya pipa, akaegemea ukuta, akaamua kwamba hapo hatoki. Agata aliporudi kazini alimkuta hivyo. Alisimama mlangoni akiwa bado na koti.

"Uliwapigia simu kazini?" aliuliza, bado kwa Kiingereza.

"Niliwapigia. Wamesema nisirudi."

Agata akavua koti, akainama juu ya pipa, akasikiliza. Ndani mle kulikuwa na sauti ndogo, ya mafuta yanayochemka mbali. Hakuondoka mara moja.

Jumanne jioni povu lilikuwa limeinua kitenge. Wageni walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, nguo za kazini zikionekana chini ya makoti. Mukabutera alikaa kiti kilekile. Florida alipiga magoti, akanywa kwanza, na pombe ikamuuma ulimi. Zihindula akavuta mrija muda mrefu, akafuta masharubu, akatikisa kichwa kwa raha.

"Sasa hii njo pombe! Mama, tulikungojea, na hatujute. Lakini mimi napenda kujua mutu anayenipikia. Weye uko nani kwa huyu binti?"

Florida alimwona Mukabutera akiangalia mikono yake. Alimwona Agata ameinamisha kichwa, na Gaël kando anatabasamu bila kujua kitu. Neno lile alikuwa amelitamani tangu simu ya kwanza, tangu Columbus, labda tangu siku alipofunga mlango wa nyumba ile akamwacha mtoto. Lakini akilisema, mwanawe ataonekana mwongo mbele ya wakwe, siku yake ya mahari.

"Mimi ni shangazi yake," alisema.

Zihindula akaitikia, akaanza kumpa mtu mwingine mrija. Agata akasimama.

"Si shangazi," alisema kwa Kiswahili. "Baba, nisamehe, niliwadanganya. Huyu ni mama yangu. Aliniacha hapa nikiwa mdogo, nikaona haya kuwaambia. Mama Mukabutera ndiye aliyenilea. Wote wawili ni mama zangu."

Gaël alimgeukia mchumba wake, mdomo wazi. Zihindula alimwangalia Agata, akamwangalia Mukabutera, akamwangalia Florida aliyekuwa bado sakafuni, machozi yanamtoka bila hata kuyafuta. Kisha akauchukua ule mrija kutoka kwa aliyempa, akamnyooshea Florida.

"Donc ulionja bure, mama. Ile ya kwanza alikunywa shangazi. Onja tena."

Florida akalisogelea pipa, akanywa, akanywa, mpaka Mukabutera akacheka huku analia, akamwambia awaachie na wageni.